Sukari ya Matanga ya Baba

Watoto wa siku hizi wakija kwangu na fomu za vyuo, wakitaka niwaandikie barua ya mapendekezo, huwauliza swali moja kabla hata hawajaketi: "Baba yako yuko hai?" Wanacheka. Wanadhani Sista Persis ameanza kuzeeka kabla ya wakati. Wengine wananuna, kwa sababu mimi sina ulimi wa asali, na nikiuliza jambo huuliza kama polisi. Lakini siandiki hata herufi mpaka nijibiwe. Mtoto akisema baba yuko hai, namwambia aende akamlete nimwone kwa macho yangu. Nikishamwona na kumsalimia, ndipo nachukua kalamu.

Nina sababu, na sababu yenyewe ni ya aibu. Nimeibeba tangu mwaka wa tisini na nne. Leo naisema kama ilivyo, na anayetaka kunicheka anicheke.

Baba yangu aliitwa Nyamongo, na kazi yake ilikuwa kuchimba vyoo. Kuanzia kwetu Keumbu mpaka Nyakoe, ukiona choo kimesimama wima miaka kumi bila kutitia, jua kilichimbwa na yeye. Futi thelathini kwenda chini, kwa sururu na koleo, udongo ukivutwa juu kwa ndoo na kamba. Alikuwa pia shemasi katika kanisa letu la Waadventista. Siku ya Sabato alivaa koti la kahawia na tai, akasimama mlangoni kupokea watu, lakini udongo mwekundu haukutoka kwenye kucha zake hata angezisugua kwa gunzi. Alikuwa mtu wa mizaha. Alipenda kusema, "Wenzangu wakipewa cheo hupanda. Mimi nikipewa cheo hushuka, na huko chini ndiko ugali wenu uliko."

Watu walicheka, naye alicheka nao. Mimi sikucheka. Shuleni waliniita binti wa choo, na siku ya wazazi nilimwomba Mungu mvua inyeshe ili baba asije. Alikuja na mvua yake, akiwa amejifunika gunia. Nilimwonea haya baba yangu. Nasema wazi, nilimwonea haya mtu aliyenilisha.

Mwaka wa tisini na moja, nikiwa kidato cha tatu, shimo lilimporomokea huko Nyakoe. Walimtoa mzima lakini paja limevunjika, na wakati huo wadogo zangu walikuwa bado wadogo, mama akishinda kwenye mashamba ya watu akichuma chai. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Nilimwosha, nilimgeuza asitoke vidonda mgongoni, nilimshika akijifunza kutembea tena kwa gongo kama mtoto. Yeye hakuacha utani hata akiwa kitandani. Alinishika kiganja siku moja, akaniita kwa jina langu la nyumbani, akasema, "Nyanchera, hii mikono ni ya nesi. Usiipeleke kwingine." Wazo la unesi lilitoka hapo, kwa mguu wa baba yangu.

Nilirudi shuleni, nikamaliza kidato cha nne mwishoni mwa tisini na tatu, na alama hazikuwa mbaya. Nilipokuwa nikingoja, nilipata kazi mjini Kisii katika duka la vitambaa na sare za shule. Mwenye duka alikuwa Umesh, Mhindi mpole asiyeongea sana. Aliyeongea ni mkewe, Chandrakala, ambaye sisi sote tulimwita Mama Reena. Mama Reena alizaliwa papa hapa mjini, na Kigusii chake kiliwashinda watoto wetu wengi. Alikuwa mkali kwa kazi, lakini saa saba kamili alihakikisha kila mtu amekula.

Basi fomu ya chuo ikatoka. Kilikuwa chuo cha wauguzi cha misheni, ng'ambo huko Nyamira. Ukurasa wa tatu ulikuwa na nafasi kubwa tupu, na juu yake maneno haya: eleza hali yoyote ya nyumbani iliyokatiza masomo yako. Chini yake wakataka barua kutoka kwa mtu mwenye heshima anayeijua hali hiyo.

Hali nilikuwa nayo. Si ningeandika tu kwamba baba alivunjika mguu shimoni, nikamwuguza mwaka mzima? Muuguzi gani tena wanamtafuta? Lakini kuandika hivyo kulikuwa kuandika kwamba baba yangu ni mchimba vyoo, na yuko nyumbani, na anachechemea, na siku ya kuripoti ndiye atakayenipeleka. Kalamu ilikataa.

Tulikuwa na msichana mwingine dukani, Sharon, mwenye midomo. Alisoma fomu juu ya bega langu akaguna.

"Mguu?" akasema. "Wacha wee! Nani hajavunjika mguu Gusii hii? Hao wanapokea fomu elfu moja. Wanataka kitu cha kuwatoa machozi. Yatima ndio wanachukuliwa kwanza, kila mtu anajua."

"Mimi si yatima, Sharon."

"Kwa fomu wewe ni nani? Ni karatasi tu."

Ni karatasi tu. Nikaichukua ajali ya baba yangu nikaisukuma kidogo mbele, si sana. Niliandika kwamba baba yangu, Nyamongo, mkulima, aliangukiwa na kisima alichokuwa akiwachimbia majirani, mwaka wa tisini na moja, akafa. Choo nikakigeuza kisima. Hata katika kumwua niliona haya kutaja kazi yake.

Ikabaki barua. Watu wa kwetu humwendea mzee wa kanisa kwa mambo kama hayo. Lakini kanisani kwetu barua ya mshiriki haitoki hivi hivi. Karani huisoma Sabato mbele ya washiriki wote, wanainua mikono kuikubali, ndipo inapigwa mhuri. Nilijiona nimeketi, karani akisoma kwa sauti kwamba Nyamongo ni marehemu, na Nyamongo mwenyewe yuko mlangoni na koti la kahawia. Kanisa nikaliacha. Nikamwendea Mama Reena.

Alisoma ukurasa ule wa tatu amesimama nyuma ya meza ya kukatia vitambaa. Alipofika mwisho akavuta upindo wa sari akajifunika kichwa.

"Nyanchera! Mwaka mzima tunafungua hii duka pamoja. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mezani. Alidhani ni huzuni. Akanishika mkono, akamwita Umesh alete mashine ya kupigia chapa, na wakaiandika barua pamoja, yeye akisema, mumewe akigonga. Ilisema kwamba msichana huyu amepoteza baba na bado anakuja kazini kabla ya wengine, kwamba haibi, hasemi uongo, na kwamba wao kama familia wanaweka jina lao juu yake. Hasemi uongo! Mama Reena aliweka sahihi taratibu, herufi moja moja, kisha akapuliza wino ukauke. Nilishukuru mpaka nikapiga magoti kidogo. Barua na fomu nikazitia posta siku hiyo hiyo.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Kumbe sikumjua Mama Reena. Kwao, kama kwetu, huwezi kujua mtu amefiwa ukakaa kimya. Jumapili ya pili, sisi tukiwa nyumbani Keumbu, nikaona pikapu ya duka inapanda njia yetu ya matope. Wakashuka wote wawili wamevaa nyeupe, kichwa mpaka miguu, maana nyeupe ndiyo nguo yao ya msiba. Mama alidhani wanaelekea harusini. Umesh alibeba mfuko mkubwa wa sukari, mikate na blanketi. Na nani alitoka nyuma ya nyumba kuwapokea, jembe begani, akichechemea na kutabasamu? Baba yangu.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaikumbatia kifuani.

"Karibuni, karibuni," baba akasema. "Nyanchera anatusimulia kila siku habari za Mama Reena."

Mama Reena akaunganisha viganja kifuani akainamisha kichwa. "Tumechelewa sana," alisema. "Hatukujua. Tumekuja kusema pole kwa ajili ya Mzee Nyamongo, yule aliyeangukiwa na kisima. Leo ndiyo tunajua nyumba yake. Na wewe ni nani wake, mzee?"

Baba akanitazama mara moja tu. Nami nikatazama sufuria. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini najua aliona yote. Fomu, barua, chuo, kila kitu. Jembe akalitua chini polepole.

"Mimi ni ndugu yake," akasema. "Machogu. Tulikuwa wote siku ile. Yeye akabaki chini, mimi nikatoka na huu mguu."

Baba yangu hakuwa na ndugu. Machogu alikuwa mtoto wa nyanya yangu aliyekufa kabla hajaota meno. Shemasi mzima, mtu aliyekataa kusema uongo hata kwa chifu, alisimama uani kwake akasema uongo huo bila kukohoa, kwa ajili yangu. Mama Reena akampa pole ya kufiwa na yeye mwenyewe. Umesh akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Baba akaitikia, "Ahsanteni, ahsanteni sana. Alikuwa mtu mzuri." Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Pikapu ilipoondoka, mama ndiye aliyelipuka kwanza. Alikuwa amesikia kila neno kutoka mlangoni, na habari ya fomu ya chuo aliijua.

"Umemwita baba yako maiti!" akafoka. "Mtu ninayempikia! Unajua neno kama hilo linavyotembea? Unajua linaweza kurudi na kubisha hodi? Mkataa kwao ni mtumwa, Nyanchera, na wewe umekataa kwenu kwa wino!" Akaunyakua ule mfuko wa sukari. "Na hii? Sukari ya matanga ya mtu aliye hai, nani atainywa katika nyumba hii? Mimi siinywi. Watoto wangu hawainywi."

Baba akamnyang'anya mfuko kwa upole. "Wacha kelele, mama watoto. Matanga ni yangu, sukari ni yangu." Akachota vijiko vitatu, akavitia kwenye chai ya kikombe chake cha bati chenye mshikio uliopinda, akakoroga, akanywa mbele yetu. "Tamu," akasema. "Si kila mtu anapata kuionja sukari ya matanga yake."

Alikuwa akitaka tucheke. Hakucheka mtu. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Fomu imeenda?"

"Imeenda, Tata."

"Basi imeenda." Akanywa tena. "Niambie kitu kimoja. Kwa nini kisima?"

Nikaichukua ile sufuria nikaanza kuisugua. Naamini alijijibu mwenyewe. Sukari ile aliinywa peke yake mpaka ikaisha, zaidi ya mwezi mmoja, na kila alipokoroga kile kikombe nilitoka nje. Mama hakunisemesha muda huo wote. Alinipakulia chakula, akakisukuma mbele yangu, akageuka.

Nikaitwa chuoni. Januari ya tisini na tano baba alibeba sanduku langu la bati kichwani kutoka stendi mpaka lango la chuo, akichechemea na kukataa nimsaidie. Njia nzima nilijiambia, leo utasema, Persis. Ukifika mezani utasema huyu ndiye baba yako, kulikuwa na makosa kwenye fomu. Matroni wa chuo, mama mmoja mrefu aitwaye Nyangate, alikuwa ameketi na daftari la usajili.

"Jina la mzazi au mlezi?" akauliza.

Baba alinigeukia akangoja. Alingoja muda wa kutosha, hata Matroni akainua macho. Mimi nikatazama viatu vyangu vipya.

"Machogu," baba akasema mwishowe. "Mimi ni baba mdogo wake. Baba yake alifariki."

Ni rahisi kwetu sisi. Ndugu wa baba ni baba, na hakuna aliyeshangaa kunisikia nikimwita Tata, yaani baba. Kila siku ya wageni alikuja na mkungu wa ndizi na karanga za kukaanga. Wenzangu wakasema, "Persis, huyo baba yako mdogo anakupenda kuliko baba zetu wenyewe." Mimi nikajibu, "Ndiyo, ni mtu mzuri," kisha nikageuza mazungumzo. Mara moja alikuja kutoka kazini moja kwa moja, na msichana mmoja akamwuliza anafanya kazi gani. Akanitupia jicho kwanza. "Visima," akasema. "Nachimba visima."

Hilo liliniuma kuliko kofi. Usiniulize kwa nini sikusema hapo. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo. Lakini baada ya mwaka wa kwanza nilikuwa nimezoea, na huo ndio ubaya wenyewe. Mtu huzoea. Nilikuwa nalala vizuri.

Mahafali yalikuwa mwaka wa tisini na nane. Desturi ya chuo ni kwamba kila muuguzi anayehitimu husimama mbele na mzazi wake, Matroni anampa maikrofoni, naye anamtambulisha mzazi kwa watu. Baba alivaa koti lile la kahawia. Zamu yangu ilipofika, Matroni Nyangate alinipa maikrofoni lakini hakuiachia upesi. Akaniambia mbele ya watu wote, "Persis, tuambie huyu ni nani wako."

Ningesema. Cheti kilikuwa tayari mkononi mwangu. Nani angeninyang'anya?

"Huyu ni baba mdogo wangu, Machogu," nikasema, "aliyenilea baada ya baba yangu kufariki."

Watu wakapiga makofi. Baba ndiye aliyeanza kuyapiga. Matroni akachukua maikrofoni, akamtazama, akasema, "Mzee, kama ndugu yako angekuwepo leo."

"Angefurahi sana," baba akajibu. "Alimpenda huyu mtoto kupita kiasi." Hapo akakohoa, akasingizia vumbi.

Hospitali ya misheni ile ile, iliyo chini ya Matroni huyo huyo, ikaniajiri. Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, Jumanne asubuhi, mama aliletewa habari shambani kwamba baba ameanguka karibu na choo alichokuwa akimchimbia jirani. Hakuwa ameingia shimoni. Alikaa chini kupumzika, akajilaza, akawa ameenda. Waliponipigia simu wodini nilimaliza kufunga kidonda cha mgonjwa niliyekuwa naye, nikaosha mikono, nikaenda ofisini kwa Matroni kuomba ruhusa. Sikuwa nimelia bado.

Fomu ya ruhusa ina mistari miwili tu ya maana: jina la marehemu, na uhusiano wako naye. Anayefiwa na mzazi hupewa siku kumi na nne. Anayefiwa na mjomba, shangazi au baba mdogo hupewa tatu. Nilisimama pale, baba yangu yuko mochari, kalamu mkononi. Na baada ya yote hayo, nikaandika: Machogu. Baba mdogo.

Ndiyo. Niliandika hivyo. Nilikuwa tayari kumzika baba yangu kwa siku tatu kuliko kusema neno moja.

Matroni Nyangate akaisoma. Akaiweka chini. "Persis, funga mlango."

Nikaufunga.

"Wiki ya pili baada ya wewe kuingia chuo hiki," alisema, "yule mzee alirudi peke yake. Alisimama hapo uliposimama, kofia mkononi. Akaniambia, 'Matroni, mimi ni shemasi na nimekudanganya. Nyamongo ni mimi. Sijafa. Na mimi nachimba vyoo, si visima.' Nilikasirika. Nilitaka kukufukuza siku hiyo hiyo."

Nikashika kiti.

"Akaniomba nisikufukuze. Alisema, 'Ukimfukuza ndipo utakuwa umeniua. Mwache asome. Atasema mwenyewe siku moja, na mimi nataka niwepo akisema.' Nikamwuliza, na asiposema? Akacheka yule mzee. Akasema, 'Mimi nimezoea kukaa chini ya shimo nikingoja mtu wa juu avute kamba.'"

Matroni akafungua droo akatoa fomu nyingine, tupu. "Siku ya mahafali nilikupa ile maikrofoni kwa makusudi. Yeye alijua. Tulikuwa tukingoja sisi wawili." Akaisukuma fomu mbele yangu. "Na ile hadithi yako ya ukurasa wa tatu haikutusaidia kitu. Ulipita kwa alama. Andika upya."

Nikaandika Nyamongo. Nikaandika Baba. Herufi zilipanda juu ya mstari, na hapo ndipo kilio kilinitoka, kilio kibaya cha mtu mzima. Matroni hakunibembeleza. Alipiga mhuri wa siku kumi na nne akanifungulia mlango.

Kwetu kifungua mimba husema kaburini. Watu walikuwa wengi. Nusu yao walikuwa watu aliowachimbia. Na nyuma kabisa, karibu na ua, niliwaona Umesh na Mama Reena wamevaa nyeupe, mfuko wa sukari miguuni mwao. Walikuwa wamesikia mjini kwamba baba mdogo wa Nyanchera amefariki. Msalaba ulikuwa pale mbele, umeandikwa kwa rangi nyeusi: Nyamongo. Nilimwona Mama Reena akiusoma. Akausoma tena.

Nilisema yote. Nilisema tangu ukurasa wa tatu mpaka fomu ya ruhusa, mbele ya kanisa lililopaswa kuisoma ile barua tangu mwanzo. Nilisema, "Huyu ni baba yangu. Alikuwa mchimba vyoo." Nilisema hivyo mara mbili au tatu, sijui, mpaka ikabidi pasta anishike bega. Hakuna aliyeitikia amina. Wanawake walitazama chini. Udongo mwekundu ulikuwa pale umerundikwa, na anayepaswa kusikia alikuwa ndani ya sanduku lililofungwa misumari.

Baada ya maziko Mama Reena alinipita kama anayepita mti. Akampelekea mama ile sukari mikononi, akainama, wakashikana muda mrefu. Akirudi kuelekea pikapu ndipo aliposimama mbele yangu.

"Ile barua," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi niliweka sahihi."

"Mama Reena, nisamehe."

"Niliweka jina letu." Akavuta upindo wa sari, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijaingia dukani kwake. Nikipita mtaa ule hupita upande wa pili wa barabara.

Jioni hiyo, kabla jua halijatua, mama alipika chai ya waombolezaji katika sufuria kubwa. Akaukata mfuko wa sukari kwa kisu, akamimina humo, akakoroga. Akawapa wazee kwanza, kisha wageni, kisha wadogo zangu. Mwisho akaja kwangu nilipokuwa nimeketi peke yangu kwenye kizingiti. Alikuwa ameshika kikombe cha baba, kile cha bati chenye mshikio uliopinda.

Sikunyosha mkono. Akanishikisha kikombe mwenyewe, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Kunywa," mama aliniambia. "Sasa amekufa."